Nani Atamshika Watasema

Watu wa Zombo wakisimulia kifo cha mume wangu husema aliuawa na mbwa. Mimi huwaacha waseme, maana ukianza kuwasahihisha watu wa hapa utazeeka hujamaliza. Lakini mbwa yule nilimfuga mimi, jina nilimpa mimi, na siku ambayo angeweza kuokolewa, yeye pamoja na mume wangu, aliyezuia nilikuwa mimi. Kwa hiyo habari hii ni yangu, na nitaisema mwenyewe.

Naitwa Mwanakheri. Mume wangu alikuwa Mwinshehe, mwadhini wa msikiti wetu mdogo wa miti na udongo, mtu mrefu, mpole, asiyejua kugombana hata na mbuzi aliyemlia mboga. Ukali wote wa nyumba nilikuwa nao mimi. Yeye alisema Mungu aligawa kwa haki.

Mbwa aliitwa Watasema. Jina hilo nilimpa kwa ajili ya majirani wetu wa zamani, waliokuwa hawapati usingizi bila kutusengenya. Kila nilipomwita kwa sauti, ujumbe ulifika. Alikuwa mwekundu, masikio yamesimama, na kazi yake ilikuwa kulinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe mwitu, kazi ambayo binadamu akiifanya peke yake atakufa na njaa.

Kwetu mbwa hakushikwa. Alilala nje, chakula chake kilimwagwa kwenye kigae cha chungu, basi. Usidhani hatukumpenda. Mwinshehe akirudi msikitini alikuwa akisimama hatua tatu kutoka alipolala na kumpa habari za siku, kana kwamba mbwa naye anaandika barua kwa ndugu zake. Lakini mate ya mbwa yakikugusa, sheria tuliijua tangu utotoni: uoshe mara saba, na moja kati ya hizo iwe kwa maji yenye udongo. Ilipotokea shida ya kumshika mbwa, kumtoa mwiba au kumkata kupe, tulimwita Mathayo. Mathayo alikuwa jirani yetu, Mkristo, na mbwa wa Waislamu wote wa upande wetu waliijua mikono yake. Alikuja akilalamika, "Leo mmenikumbuka. Siku ya pilau sikuitwa." Kisha alimkumbatia mbwa kama anambeba mtoto, kazi ikaisha.

Mwaka sabini na nne tulihamishwa. Kule kwetu kwa zamani mto ulikuwa nyuma ya nyumba, kiasi kwamba mvua ikizidi ulikuja wenyewe jikoni. Kijiji cha ujamaa kilipangwa juu, kwenye ardhi kavu, nyumba zimesimama mistari kama wanafunzi wa paredi. Tuliambiwa bomba liko njiani. Njia yake ilikuwa ndefu. Nilikuwa naondoka nyumbani mume wangu akiadhini alfajiri, na nikirudi na debe moja kichwani jua lilikuwa limeshapanda. Debe hilo lilikuwa la kunywa, la kupika, la kuoshea vyombo na la udhu. Shingo yangu mpaka leo haigeuki vizuri upande wa kushoto.

Na mbwa walikuja nasi. Mbwa waliokuwa wametawanyika bonde zima sasa walikuwa wanalala mkia kwa mkia. Ndiyo maana serikali ikamtuma bwana mifugo kutoka Kilosa kuwachanja, kabla kichaa hakijaingia.

Alikuja mwezi wa kumi na moja, siku ya Ijumaa, kijana mwembamba anaitwa Yeremia. Alishuka kwenye lori akiwa amelikumbatia sanduku la bati lenye barafu iliyofunikwa pumba za mpunga, na dawa ndani yake. Tulikusanyika mbele ya ghala la kijiji. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akatufundisha kushika mbwa kwa kumtumia mbwa wa mwenyekiti.

"Mbwa hashikwi kwa nguvu, anashikwa kwa uhakika," alisema. "Usimwendee kwa mbele. Usimkazie macho. Kaa ubavuni, umsemeshe. Kitambaa kizungushe juu ya pua, kipite chini ya taya, ukafunge nyuma ya masikio, hapo meno yamelala. Halafu mkono mmoja chini ya shingo, kichwa chake kiegemee bega lako. Mwingine chini ya tumbo. Ukimshika nusunusu anaogopa, na mbwa anayeogopa ndiye anayeuma. Na amshike mwenyewe. Mimi hanijui, ataniona mwizi."

Watu wakaguna. Wengi wetu hatukuwahi kuwashika mbwa wetu hata siku moja, na Mathayo hakuwapo. Alikuwa amekwenda Munisagara kwenye msiba wa shemeji yake. Wakristo wengine waliokuwapo walishika wa kwao, wakasaidia wa majirani wa karibu, wakachoka, wakaumwa kidogo, wakasema inatosha. Wakabaki mbwa kama saba, na Watasema mmoja wao.

Hapo ndipo Mwinshehe alipochuchumaa. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa niliyoifua juzi yake kwa maji ya kuhesabu. Akakunja mikono ya kanzu, akapiga ulimi, Watasema akamsogelea akishangaa, maana hajawahi kuitwa karibu namna ile.

Nikasema, "Baba Tatu, unafanya nini?"

"Namshika mbwa wangu, Mama Tatu."

"Na maji ya mara saba utayatoa wapi? Nusu debe limebaki, la udhu na la uji. Au unadhani mimi ni bomba?"

Watu wakacheka. Mimi watu wakicheka hupata nguvu, ndiyo kasoro yangu.

Akasema taratibu, "Nitakwenda mtoni mwenyewe."

"Saa ngapi? Adhuhuri iko mlangoni, na anayeadhini ni wewe. Uende mtoni na kanzu yenye mate ya mbwa, tukusubiri mpaka jioni? Usinitie aibu mbele ya watu. Mbwa haumwi. Mathayo akirudi atamshika."

Mwinshehe alinitazama, kisha akamtazama mbwa. Akasimama, akashusha mikono ya kanzu. Yeremia akaja mbio, "Mzee wangu, dawa hii haikai bila barafu. Nikiondoka leo, narudi mwakani." Nikamjibu mimi, wala si mzee wake, "Basi mwakani, mwanangu. Mwakani si kesho kutwa tu?" Watu wakacheka tena. Kijana akafunga sanduku lake. Alitusihi tumfunge mbwa kamba asizurure. Tulimfunga siku tatu. Siku ya nne nyani walimaliza mistari miwili ya mahindi, tukamfungulia.

Mwezi wa pili mbweha aliingia shambani mchana kweupe, wala hakuogopa watu. Watasema alimkabili. Walipigana kwenye mahindi mpaka mbweha akakimbia, na mbwa wetu akarudi na jeraha nyuma ya sikio. Nilimsifu. Nilimmwagia ugali wa moto na dagaa. Jeraha likapona, tukasahau.

Mwezi wa nne akabadilika. Sauti ilikauka, akawa anabweka kama mtu mwenye mafua. Akatafuna nguzo ya kibanda. Halafu siku moja asubuhi akatoka nyuma ya nyumba akiyumba, udenda unamtiririka mpaka chini, akaushika mstari wa katikati ya nyumba kuelekea shuleni. Wanawake walipiga kelele, milango ikafungwa kijiji kizima. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekaa nje, chini, wanaandika kwenye mchanga, maana darasa lao lilikuwa bado halina paa.

Mwinshehe alikuwa anatoka palizi kwenye shamba la ujamaa. Walikuwa wamelima siku nne mfululizo na viganja vyake vilikuwa vimechubuka, malengelenge yamepasuka. Alitupa jembe. "Kitambaa!" akaniambia. Nilichana pindo la kanga niliyovaa, nikampa. Sikuwaza chochote. Mkono ulichana wenyewe.

Alimwendea kwa ubavuni. Alimwita jina. Yule mbwa, pamoja na kichaa chake, aligeuza sikio. Mwinshehe akapiga goti, akamsemesha, na kabla sijajua kitambaa kilishapita juu ya pua, chini ya taya, nyuma ya masikio. Mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya tumbo, kichwa begani, vilevile kama alivyofundisha Yeremia. Na kanzu hakuvaa siku hiyo, alivaa shati la shamba, na udenda ulimwagika juu ya mikono yake yote miwili. Alimshika hivyo hivyo mpaka Mathayo alipofika na kamba wakamfunga kwenye nguzo ya ghala, na mgambo mmoja akammaliza kwa bunduki.

Nilimtolea mume wangu maji yote yaliyokuwa ndani. Yote. Nilimmwagia mara saba, ya kwanza kwa udongo, nikamsugua mpaka viwiko, nikamwambia, "Kumbe maji yapo mengi." Alicheka. Mathayo akauliza kama kuna jino lililomgusa. Mwinshehe akajikagua vidole kimoja kimoja, akasema hakuna. Na ni kweli, hapakuwa na jino. Salamu zilipokuja kutoka kwa Yeremia kwamba aliyeumwa aende Kilosa haraka akachomwe sindano, tulijibu kwamba kwetu hakuna aliyeumwa. Hakuna aliyetuambia kwamba mate peke yake yanatosha kuingia palipochubuka. Nasi hatukuuliza.

Wiki sita zilipita. Akaanza kujikuna viganja, akisema anasikia kama siafu wanapita ndani. Hakulala siku mbili. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alichukua birika atie udhu. Maji yalipogusa mkono, koo lake likafunga. Alilitupa birika, akarudi nyuma mpaka ukutani, macho yamemtoka, anapapatika kutafuta pumzi. Nilidhani jini. Nilianza kumsomea. Mathayo alikuja kwa kelele zangu, akasimama mlangoni, akaona birika limelala na maji yamemwagika, akaona mate kwenye ndevu za rafiki yake. Akajifunika uso kwa mikono yake miwili, ile iliyokuwa ikishika mbwa wetu wote, akalia kwa sauti.

Mganga wa zahanati alikuja. Alisema ugonjwa huu ukishajionyesha hauna dawa, si hapa, si Kilosa, si ng'ambo. Alisema anaweza kumpa kitu cha kutuliza tu, na kwamba tusimkaribie mdomoni. Sheikh wa msikiti wetu alikaa naye dirishani, akamwambia atayamamu kwa vumbi, Mungu hana ugumu na waja wake. Adhana iliadhiniwa na mtu mwingine. Mwinshehe aliisikiliza akiwa amefumba macho, midomo yake inaifuata.

Degedege lilipozidi, vijana walikuja na kamba za katani, zile za kufungia maksai. Na bahati, kama inaweza kuitwa bahati, Yeremia alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa lori baada ya kupata habari. Aliwazuia mlangoni.

"Katani hapana, itamkata," alisema. "Mama, leta kanga zako. Zikunjwe ziwe pana. Fungeni juu ya kifundo, si kwenye kiganja. Kidole changu kipite chini ya fundo. Kifuani msiweke kitu, apumue. Kichwa kigeuzwe upande asisongwe na mate."

Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kazi, sauti ileile ya mbele ya ghala. Mathayo alijifunga magunia mikononi akamshika mabega. Mwinshehe mwenyewe, akili zilipomrudia kidogo, alinyoosha mikono yake miwili kwetu. "Fungeni," alisema, "nisije nikamuumiza mtu." Mimi nilimshika miguu. Ilikuwa ya moto na ilikuwa inatetemeka, na nilikuwa nimeishi na miguu ile miaka ishirini na mitatu. Tulipomaliza, Yeremia alitoka nje, akakaa kwenye kinu changu kilichopinduliwa. Nilipompita aliniambia bila kuniangalia, "Mama, mimi nimesomea wanyama tu."

Sheikh nilimuuliza siku ile ile, kando ya nyumba. Nilisema, "Kumshika mbwa apate dawa, ilikuwa dhambi?" Akasema hapana, haikuwa dhambi kabisa, ilikuwa ni kunawa tu, na maji yangekosekana angeyaleta yeye mwenyewe kwa baiskeli. Nilimwambia nilijua. Dini niliisingizia. Sikuwa nalinda twahara ya mtu, nilikuwa nalinda shingo yangu na safari moja ya mtoni, tena nilikuwa nimenogewa na vicheko vya watu. Sheikh akaniombea dua. Mimi nilitamani anitukane.

Alasiri nilijifungia naye. Mathayo alitaka kubaki, nikamfukuza. Chumba kilikuwa kimezibwa mwanga kwa mkeka, maana mwanga nao ulimuumiza. Dawa ilikuwa imemtuliza. Nilikaa miguuni, mbali na mdomo wake kama nilivyoamriwa, nikaushika unyayo wake.

"Baba Tatu," nilisema. "Ni mimi. Siku ile ya chanjo. Ungemshika. Mbwa angechanjwa, na wewe leo ungekuwa mzima. Ni mimi niliyekuua."

Aligeuza uso upande wangu. Kisha akasema, polepole, akikata maneno kwa ajili ya koo lake, "Mwanakheri, sikiliza. Mimi naogopa mbwa. Tangu mtoto. Sikukuambia, mwanamume mzima nitasemaje? Siku ile nilichuchumaa kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Nilikuwa naomba moyoni mtu anizuie. Ulipozungumza, nilishukuru. Ulinisitiri. Hata usingesema ningetafuta sababu nyingine. Kwa hiyo si wewe. Usiibebe hiyo."

Nililia pale kwa raha, Mungu anisamehe. Nililia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilimwambia ahsante. Akasema, "Mwambie Tatu asije. Asinione hivi." Tatu ni binti yetu, ameolewa Mikumi. Kisha degedege likarudi na sikupata tena neno lake lenye maana. Alifariki siku ya pili, jua likiwa juu, Mathayo na Yeremia wakiwa wamemshika, na mimi miguuni.

Arobaini ilipita nikiwa mwepesi. Watu walishangaa, wakanisema, nami sikujali. Nilikuwa na neno la mume wangu. Nilikwenda mtoni, nilirudi, nilipika, nililima. Nilijiambia, alikuwa anaogopa mbwa, kwa hiyo isingetokea hata kama ningefunga mdomo wangu.

Halafu siku moja kule shuleni nilikuta watoto wa darasa la kwanza wanacheza. Mmoja alikuwa mbwa, anatembea kwa magoti akinguruma. Mwingine alikuwa Mwinshehe. Yule wa Mwinshehe alimwendea kwa ubavuni, polepole, akamnong'oneza jina, akapiga goti, akamkumbatia shingo na kuegemeza kichwa chake begani, akatulia hivyo hivyo, amefumba macho. Walikuwa wamekaa mchangani asubuhi ile. Waliona kila kitu.

Nilisimama na debe kichwani. Nikamwona mume wangu upya, siku ile, amepiga goti mbele ya mnyama mwenye kichaa, anamsemesha, na fundo la kitambaa analifunga mara moja bila kukosea. Mtu anayeogopa mbwa tangu utoto hawezi kufunga fundo lile. Vidole vinakataa. Naijua hofu, nimeiona kwa watu wazima siku ya chanjo, hata mbwa mzima aliwashinda kumshika. Mwinshehe hakuwahi kuogopa mbwa. Siku ile ya Ijumaa alikuwa tayari, mikono imekunjwa, na angemshika.

Alijua hivyo, akiwa amefungwa kwa kanga zangu na koo linamsonga, na akatumia pumzi aliyokuwa nayo kunitungia habari ile. Miaka ishirini na mitatu sikuwahi kumsikia akisema jambo ambalo si kweli, hata la utani.

Kila ninapomwombea namwambia Mungu, kama neno lile limeandikwa kwake, lifutwe, uliandike kwangu.